Chuma cha Pili

Kompyuta ya Dorca ilikuwa haijafa, na hilo alikuwa tayari kuliapia mbele ya yeyote. Ilikuwa inawaka. Shida ilikuwa kuiamsha. Unabonyeza swichi, taa inawaka, feni inaanza kuvuma, halafu basi. Skrini nyeusi. Unateleka maji ya chai kwenye stovu, yanachemka, unatia majani, unakunywa polepole, unasuuza kikombe, na skrini bado nyeusi tii. Ndipo maneno meupe yanaanza kushuka mstari kwa mstari, yanafika mahali fulani, yanasimama tena. Siku nyingine ungeweza kushuka sokoni Kibuye mjini Kisumu ukanunua nyanya, ukapatana bei kwa nafasi, ukarudi, na bado ukaikuta inafikiri.

Sasa niambie, ni mteja gani atakayeingoja mashine kama hiyo? Na wateja wa Dorca hawakuwa watu wa kungoja. Kile chumba chake cha ghorofani, dirisha likitazama soko, kilikuwa mahali pa kuchapa programu za mazishi. Mtu anaingia macho mekundu, picha ya marehemu mkononi, anataka utaratibu wa ibada, nyimbo, wasifu, na majina ya watoto na wajukuu wote, maana mjukuu mmoja akisahauliwa ni kesi ya ukoo mzima. Anaitaka leo, kwa sababu kesho maiti inatoka mochari. Ukimwambia angoje mashine iamke, atavuka barabara aende kwa mwingine, na huna haki ya kumlaumu.

Mashine yenyewe ilikuwa ya mumewe, Tom. Aliiunga kwa mikono yake, kipande hiki kutoka huku na kile kutoka kule, na hakuwahi kuitafutia kifuniko. Ilikaa mezani mbavu wazi, kila waya ukionekana. Tom alikuwa ameajiriwa na mradi mmoja wa utafiti wa samaki, na mtafiti aliyekuwa anarudi kwao ndiye aliyemwachia CD ya Linux, programu ya kuendesha kompyuta. Jamani, Tom aliipenda Linux! Alisema programu nyingine zinakuchorea picha ukae ukingoja kama mgonjwa, lakini hii inakuambia kila inachofanya, neno kwa neno, hata kama huelewi. Dorca hakuelewa, wala hakujali. Alijua kwamba mashine ikimaliza maneno yake itauliza jina, naye ataandika tom, kisha neno la siri, kisha ataanza kazi. Vidole vyake vilikuwa vyepesi kuliko vya mumewe, na Tom mwenyewe alikuwa akikiri.

Halafu Tom akafa. Ilikuwa mwanzoni mwa mwaka wa tisini na nane, mvua za El Nino zikiwa bado hazijaacha watu wapumue, na malaria ikamchukua upesi mno, hata Dorca hakupata muda wa kuogopa. Walimzika kwao Nyakach, upande wa Pap Onditi, na Dorca akabaki boma la wakwe akikaa matanga jinsi inavyompasa mjane.

Huko ndiko ilikofanyika keyo nyinyo, yaani kugawa vyuma. Katika ukoo wa Tom, vyuma alivyovishika marehemu hugawiwa ndugu na jamaa, ili mkono wake uendelee kufanya kazi katika mikono ya wengine. Jembe kwa huyu, panga kwa yule, baiskeli kwa mtoto wa dada. Na kwao chuma kikishagawiwa hakirudi tena katika nyumba ya marehemu, hata kwa kuazimwa. Dorca alikuwa ndani na wanawake siku hiyo. Alisikia majina yakiitwa uani, akasikia vyuma vikigongana, akajifunika leso usoni. Hakutaka kuona nani anaondoka na nini, na mimi simlaumu.

Jambo moja tu lilimfikia wazi, kwa kuwa Mzee Zadock, baba mdogo wa Tom na sauti ya mwisho katika boma lile, aliliingiza ndani mwenyewe. Alisema ile mashine ya Kisumu nayo ni chuma, lakini hakuna hapa anayejua hata pa kuishika. Basi ikae na mjane, imlishe. Siku itakapokataa kufanya kazi, itamfuata Tom nyumbani, na mjane naye arudi, alime shamba la mumewe mahali ambapo watu wake wanamwona. Hakusema kwa ubaya. Mzee yule alikuwa amezika vijana wengi kuliko alivyopaswa, na mwanamke anayelala peke yake mtaani Nyalenda, mlango wa mabati na kufuli la kichina, lilikuwa jambo la kumnyima usingizi.

Lakini Dorca hakutaka kurudi. Si kwamba jembe lilimshinda, alizaliwa nalo. Ni kwamba chumba kile ndicho kitu pekee alichokuwa amejenga na Tom, na binti yao Lornah alikuwa shule ya bweni akila kutokana na zile programu. Zaidi ya yote, alikuwa anapenda kazi yake. Alipenda mtu anapoipokea programu ikiwa bado na joto la printa, akaisoma, akakuta jina la mama yake limeandikwa sawasawa.

Basi fikiria moyo wake siku aliporudi mjini, akafungua chumba, akabonyeza swichi, akakutana na ile skrini nyeusi.

Kwanza aliificha aibu hiyo. Alifika alfajiri kabla ya mteja wa kwanza, akaiwasha, akanywa chai yake, na mashine ikishaamka hakuizima mpaka jioni. Lakini Kisumu ni Kisumu. Stima inapotea mchana kweupe, inarudi ikipenda, na kila ikipotea ngoma inaanza upya mbele ya watu. Wateja wakaanza kunong'ona. Mwanamke aliyeuza mitumba chumba cha pili akasema labda marehemu bado hajaiachilia. Umbea nao hauhitaji nauli. Haukupita muda Dorca akaletewa ujumbe na mfanyabiashara wa mtama: Mzee Zadock na Obiero, kaka yake Tom, watakuja Jumamosi kuiona mashine.

Hapo ndipo alipomwita Obeid.

Obeid alikuwa fundi wa redio na kompyuta, Mwislamu wa Kaloleni, babu yake alitoka pwani na bibi yake alitoka Seme, kwa hiyo alizungumza Kijaluo cha kukoroga na Kiswahili cha kunyoosha. Yeye na Tom ndio walioanza kuiunga mashine ile pamoja, miaka ile, mpaka Obeid akapata kazi nyingi na Tom akaimalizia peke yake. Ufunguo wa chumba aliopewa wakati huo alikuwa nao bado. Alipokuja alikaa kwanza kimya kwenye kiti cha Tom, akaupitisha mkono juu ya meza, kisha akavua saa na kufungua mkoba wake.

Usidhani aliiona shida mara moja. Kwanza aliushuku mkanda, ule mpana wenye nyaya nyingi unaounganisha diski, kile kisanduku cha chuma kinachotunza kila kilichoandikwa, na mashine, kwa sababu kipande cha katikati kilikuwa kinaning'inia bure. Akaenda mpaka Otonglo kwa mtu aliyekuwa na kompyuta mbovu, akarudi na mkanda mwingine, akauvalisha. Mashine ikalala vilevile. Akaishuku stima, akaleta kifaa cha kupima, stima ikawa sawa. Siku nyingine akakuna kichwa akasema labda diski yenyewe imechoka, inakufa polepole. Dorca aliposikia hivyo akashika tama.

Ilikuwa Ijumaa asubuhi, siku moja kabla ya wazee kufika, ndipo Obeid alipoamua kuacha kubahatisha. Alivuta kiti karibu na skrini akasoma yale maneno meupe mstari kwa mstari, kidole kikifuata, na akawa anamweleza Dorca. Huu mstari wa hda ni diski ya kwanza, ile unayoiona hapa, na Linux imeitambua vizuri. Na huu wa chini yake, hdb, ni diski ya pili.

Dorca akamuuliza ya pili ipi. Diski ilikuwa moja, kila mtu mwenye macho aliiona.

Hilo ndilo lililomshangaza Obeid. Linux ilikuwa imeandika kwamba ya pili ipo, na hata ukubwa wake ikautaja. Kisha ikawa inajaribu kuisoma, inanyamaza, inangoja, inaandika kwamba haikujibiwa, inajaribu tena. Ndiyo maana ya kule kusimamasimama. Ilikuwa inaita kitu ambacho hakipo. Dorca alisisimka mwili mzima. Hakuwa mtu wa kuamini mambo ya wauza mitumba, alikuwa mwimbaji wa kwaya, lakini ngozi haiulizi imani yako kabla ya kusisimka.

Obeid akaiwasha upya, na Linux ilipokuwa inataka kuanza akaiandikia neno lake: hdb=none. Maana yake, alieleza, ni kuiambia kwamba ya pili hakuna, isijisumbue kuitafuta. Na kweli, maneno yakateremka bila kusimama hata mara moja. Nusu ya ugonjwa ilikuwa imepona. Lakini nusu nyingine, ile skrini nyeusi ya mwanzoni kabla hata Linux haijaamka, ilibaki pale pale. Kwa hiyo, Obeid akasema, Linux haikuwa na kosa. Kuna mtu mwingine aliyekuwa anaidanganya.

Akaingia kwenye kumbukumbu ya mashine yenyewe, ile inayotunzwa na betri ndogo mfano wa shilingi, akakuta diski mbili zimeandikwa. Hapo akazima kila kitu, akafungua skrubu, akaichomoa diski na kuigeuza nyuma. Alikuwa anaangalia jampa, kile kiplastiki kidogo chenye chuma ndani, kidogo kuliko punje ya mahindi, ambacho mafundi hukihamisha kutoka vipini hivi kwenda vile ili diski ijue nafasi yake. Akakitazama. Akatazama mchoro uliobandikwa juu ya diski. Akakitazama tena.

"Mama Lornah," alisema, "Tom alikuwa na diski mbili. Hii ameiambia ni ya kwanza na ina mwenzake. Kila unapoiwasha, haisemi iko tayari mpaka imsikie mwenzake. Inamngoja."

Obeid, ambaye kwa furaha ya kuupata ugonjwa alisahau kumtazama Dorca usoni, akaendelea kusema kwamba sasa kazi imekwisha. Atakihamisha hiki kiplastiki kionyeshe diski iko peke yake, atafuta ile ya pili kwenye kumbukumbu, na mashine itaamka kama zamani. Ni jambo la kufumba na kufumbua. Akachukua koleo.

"Usiguse," Dorca alisema.

Obeid akadhani hakusikia vizuri. Dorca akarudia. Alisema Tom ndiye aliyeweka kiplastiki hicho, kwa vidole vyake, na kama Tom alisema ni mbili basi ni mbili. Nyingine irudishwe ilikotolewa. Na ndipo akamwambia jambo ambalo hata yeye mwenyewe alikuwa analikumbuka sasa hivi: kila jioni, yeye akiondoka kwenda kupika, Tom alibaki hapa akiandika. Alipomuuliza anaandika nini, Tom alicheka akasema atamwonyesha kikiiva. Hicho kitu hakiko katika hii diski. Alikwisha kutafuta kila mahali. Kwa hiyo kiko katika ile nyingine, na ile nyingine haikuota miguu.

Obeid alisema taratibu kwamba kesho wazee wanakuja. Wakiikuta hivi, je?

Hapo uchungu wote wa miezi ile ukatafuta mtu wa kumshukia, na aliyekuwa karibu alikuwa Obeid. Dorca alisema: "Funguo ni mbili. Mmoja ninao mimi, mwingine unao wewe. Na mimi sijui hata kuichomoa."

Neno likishatoka limetoka. Obeid alibaki na koleo hewani. Hakubisha, hakuapa, hata sauti hakuipandisha, na afadhali angepandisha. Aliirudisha diski mahali pake, akakaza skrubu zote, kiplastiki akakiacha kama Tom alivyokiweka. Akavaa saa yake. Akatoa ufunguo kwenye mnyororo wake, akauweka juu ya meza, akasema amechelewa sala ya Ijumaa, akashuka ngazi.

Jioni, Dorca alikuwa Nyalenda kwenye foleni ya maji, mtungi wake ukisogea kidogo kidogo, wanawake mbele yake wakigombania zamu. Alikuwa anafikiria ule ufunguo ulivyolia ulipogusa meza. Na akiwa anafikiria funguo ndipo alipoukumbuka wa tatu. Wa Tom mwenyewe! Ulikuwa kwenye mfuko wa suruali yake ya kaki. Na nguo za Tom zote zilipelekwa Pap Onditi, akafuata yeye, akakaa matanga huko wiki kadhaa huku chumba cha mjini kikiwa hakina mtu. Mungu wangu. Dorca alisikia uso unawaka moto mbele ya watu wote wale. Alikuwa amemwita rafiki wa mumewe mwizi, tena mtu aliyekwenda hadi Otonglo kutafuta mkanda bila kuulizwa. Maji alisahau kuyachota, mtu mwingine akaichukua zamu yake.

Jumamosi alitangulia kibandani kwa Obeid. Kimefungwa. Akasubiri kidogo, akaona jua linapanda, akarudi mbio Kibuye, na alipofika chini ya ngazi akawakuta wageni wamekwisha kufika. Mzee Zadock alikuwa amevaa koti lake la mazishi na harusi. Obiero, fundi baiskeli wa Pap Onditi, mtu mpole mwenye mabega ya Tom na dole gumba la Tom, alikuwa amebeba kuku. Na nyuma yao, akiegemea ukuta kama mtu aliyepita tu, Obeid alikuwa amesimama na mkoba wake. Hakuna aliyekuwa amemwita. Dorca alimtazama, na Obeid akamwonyesha kwa kichwa kwamba apande tu, wazee wasisimame juani.

Walikaa. Waliomba. Wakaulizana habari za mvua na za mtoto shuleni. Kisha Mzee Zadock akasema haya, tuione.

Dorca alibonyeza swichi. Feni ikavuma. Kwa mazoea tu, mikono ikijiendea yenyewe, akateleka maji kwenye stovu. Skrini nyeusi. Obiero alitazama dari. Mzee alitazama skrini bila kupepesa, jinsi mtu anavyomtazama mgonjwa anayemjua. Maji yakaanza kuimba, yakachemka, Dorca akatia majani, akamimina vikombe vinne. Bado skrini ilikuwa nyeusi. Mzee Zadock akanywa, akaweka kikombe chini.

"Binti yangu," alisema kwa upole kabisa, "umejitahidi. Hakuna atakayesema hukujitahidi. Sasa twende nyumbani."

Neno la mzee lilikuwa lile lile la siku ya kugawa vyuma, na Dorca alikuwa amelisikia akalikubali. Akaizima mashine. Obiero, aliyeona ule unyonge akatafuta namna ya kuupunguza, aliinuka akainama juu ya mashine iliyo wazi akachungulia ndani. Uso wake ukachangamka. Alinyoosha kidole pale ilipokuwa diski.

"Hiki hapa ndicho ndugu wa changu!" alisema. "Changu kilikuwa juu yake hapa. Vilikuwa viwili vya kufanana, shemeji. Nikasema mjane naye ana haki yake, nikakuachia kimoja."

Obiero, asijue hili wala lile, akaendelea kueleza kwa fahari ya mtu aliyetenda haki. Wakati wa matanga alitumwa mjini akusanye vyuma vya Tom, akauchukua ufunguo kwenye suruali ya kaki. Sanduku la bisibisi alilipeleka likagawiwa. Lakini yeye, wa tumbo moja na Tom, alitaka chuma ambacho Tom alikipenda hasa, na kila mtu alijua Tom alipenda mashine hii kuliko baiskeli. Mashine yote ni ya mjane. Basi akafungua skrubu kwa utaratibu, yeye ni fundi, hakuvunja kitu, akachukua kimoja kati ya viwili. Mzee Zadock alithibitisha kwa kichwa: kiligawiwa mbele ya watu, kwa jina.

Dorca aliuliza kiko wapi sasa.

Obiero alisema kiko pazuri. Amekitundika kibandani kwake, kando ya mlango, chini ya picha ya Tom. Chuma kile ni kigumu, kilimsumbua, lakini alikitoboa kwa keekee, tundu likapita katikati upande hadi upande, akatia waya. Kila asubuhi kabla hajafungua kazi anakigusa, anamwambia kaka yake kumekucha.

Dorca aligeuka akamtazama Obeid. Obeid alikuwa amefumba macho. Alipoyafumbua walitazamana, na Dorca hakuhitaji kuuliza. Obeid alitikisa kichwa, kidogo sana, hivi kwamba wazee hawakuona. Chochote Tom alichokuwa anakiandika jioni zile kilikuwa kimepitiwa na keekee, na hapakuwa na fundi, wa Kisumu wala wa Ulaya, wa kukirudisha.

Hasira ilimpanda Dorca. Usiku kucha alikuwa ameota ile diski ikipatikana, Obeid akiivalisha mkanda, maneno ya Tom yakiteremka kwenye skrini. Angeweza kusema. Neno moja tu lingetosha, na Obiero angelibeba mpaka kaburini, kila asubuhi akiona lile tundu. Dorca aliitazama mikono iliyotoboa, weusi wa oili kwenye kucha, lile dole gumba pana ambalo alilijua kuliko lake. Mtu huyu alikuwa na ufunguo, alikuwa peke yake chumbani, angeweza kubeba vyote. Akahesabu viwili, akamwachia kimoja.

"Umefanya vizuri, shemeji," alisema. "Kitunze."

Machozi yalikuwa yanamtoka na hakuyafuta. Wanaume wakadhani ni ya msiba tu, na hawakukosea sana. Kisha akamgeukia Obeid, mbele ya wote, akasema kwamba jana alimtupia neno ambalo halikuwa lake, na anaomba radhi. Wazee hawakuelewa habari yenyewe lakini waliielewa radhi. Obeid alisema yamepita. Akafungua mkoba.

"Nionyeshe," Dorca alimwambia. "Nitakitoa mwenyewe."

Obeid aliichomoa diski akaigeuza. Alimpa koleo, Dorca akalikataa. Alikuwa na kucha za mpiga chapa, fupi na ngumu. Alikishika kile kiplastiki, kikakataa, akakitikisa polepole, kikatoka. Kilikuwa hakina uzito wowote mkononi. Akakishikilia kitambo, kwa kuwa aliyekigusa mwisho kabla ya hapo alikuwa Tom. Kisha akakivalisha kwenye vipini ambavyo Obeid alimwonyesha, vile vya diski iliyo peke yake. Obeid akarudisha skrubu, akawasha, akaingia kwenye kumbukumbu ya mashine, akafuta ile ya pili. Akazima. Akasogea pembeni ili Dorca aiwashe mwenyewe.

Mzee Zadock aliuliza imefanywa nini. Obeid akatafuta maneno, akasema mashine ilikuwa inamngoja mtu asubuhi zote hizi, sasa imeambiwa kwamba haji. Mzee alisema hata yeye kuna asubuhi anamngoja.

Dorca alitia maji mapya kwenye sufuria, maana chai ya kwanza ilikuwa imewapolea mikononi na hakutaka wageni waondoke na chai baridi. Akaiweka stovuni. Akabonyeza swichi, akageuka kutafuta kiberiti kuwasha utambi uliozimika, akajipanga kungoja.

Alipogeuka, maneno yalikuwa yanateremka kwa mbio, meupe, bila kusimama popote, na yakafika mwisho. Obiero akapiga makofi. Mzee Zadock alikuwa anavaa kofia yake, akisema kwa sauti ya mtu aliyetua mzigo kwamba basi ikae, imekubali, na kuku yule Dorca amle na mtoto akifunga shule. Dorca aliyasikia kwa mbali. Kiberiti kilikuwa mkononi bado, maji hayakuwa yamepata hata moto. Miezi yote ile aliilaani skrini nyeusi, na sasa tu ndipo alipojua kwamba alikuwa akikaa nayo kila alfajiri kama watu wawili wanaomngoja mtu mmoja. Alitamani ingekawia kidogo, leo tu.

Alichukua ule ufunguo juu ya meza, akaurudisha mkononi mwa Obeid. Ngazini mtu alikuwa anapanda kwa miguu mizito, picha mkononi. Mashine ilikuwa imekwisha kuuliza jina. Dorca alivuta kiti, akaandika tom kama siku zote, kwa kuwa hilo ndilo jina pekee iliyolijua, akamwambia mteja aketi.